Mwalimu Wako Alilipwa Lini Mara ya Mwisho?

Wakazi wa Nyaramba wanapolalamikia uhaba wa walimu, lawama nyingi huelekezwa kwa kaunti. Ni vyema ieleweke nani anaajiri nani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Walimu wa shule za msingi na sekondari za umma huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Pengo likibaki, bodi ya shule huajiri wake kwa michango ya wazazi. Hapo ndipo shule ya wasiojiweza huumia, kwa sababu mzazi anayetegemea majani chai na ndizi hutoa mchango anapopata, na mwalimu hungoja.

Je, mwalimu wa mkataba anaweza kufundisha vizuri? Kuanzia 2005, shule 140 za msingi magharibi mwa Kenya zilipewa fedha na shirika lisilo la serikali ili kila moja iajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Walimu hao walikuwa na cheti sawa na wenzao wa serikali lakini walilipwa chini ya robo ya mshahara wao. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walikuta kwamba walihudhuria darasani zaidi na wanafunzi wao walifanya vyema zaidi. La kusikitisha, baadhi ya walimu wa kudumu walilegea baada ya msaada kufika, na nafasi kadhaa zikaenda kwa jamaa zao. Wazazi walipofunzwa kusimamia, kasoro hizo zilipungua.

Lakini hiyo si sababu ya kumlipa mwalimu kidogo. Mpango kama huo ulipopanuliwa nchini, shule zilizokuwa chini ya shirika zilipata matokeo mazuri, zilizokuwa chini ya serikali hazikupata. Upande wa serikali, mishahara ilichelewa zaidi na shule zilikaguliwa mara chache.

Kwa hiyo, katika mkutano ujao wa wazazi, uliza bodi maswali haya: Je, mwalimu amesajiliwa na TSC, kama sheria ya 2012 inavyotaka? Alipataje kazi? Mshahara wake wa mwezi uliopita umelipwa? Kwa mwalimu wa chekechea, maswali hayo hayo yapelekwe kwa idara ya elimu ya kaunti.