Chumvi, Sukari na Kipindupindu

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika, tangu Rumonge mpaka Nyanza-Lac, twalijua vema jina la kipindupindu. Mwezi wa Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walisongamana Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania karibu na mpaka wetu, wakingoja meli Liemba iwapeleke Kigoma. Kipindupindu kikawaingia, na wengine wakafa. Nataka kueleza kwa nini ugonjwa huu huua upesi, na kwa nini dawa yake ya kwanza hupatikana jikoni.

Kumbukeni kwanza sheria moja: chumvi iendako, maji hufuata. Mpasue mukeke, mtie chumvi, mwache kidogo. Utaona maji yanamtoka. Mwili wetu nao hufuata sheria hiyo. Ukuta wa utumbo umejengwa kwa seli, ambazo ni kama vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina milango: huu wa sodiamu, ule wa kloraidi. Vitu hivyo viwili vikiungana ndiyo chumvi tunayotia katika mboga. Sodiamu ikiingia mwilini, maji huingia nyuma yake.

Vijidudu vya kipindupindu hutoa sumu, na sumu hiyo huufanya mlango wa kloraidi ubaki wazi. Kloraidi humwagika ndani ya utumbo, sodiamu huifuata, na maji huvifuata vyote viwili. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Hufa kwa kukaukiwa, naye yupo ukingoni mwa ziwa.

Mlango huohuo wa kloraidi umo pia katika njia zetu za pumzi. Huko hutoa chumvi, na mlango wa sodiamu huirudisha, ili kuta za njia hizo ziwe na unyevu wa kadiri. Mtu aliyezaliwa na mlango wa kloraidi mbovu hupata makohozi mazito mno. Basi ukifungika ni hatari kifuani. Ukikwama wazi ni hatari tumboni.

Je, mgonjwa wa kipindupindu tumpe maji matupu? Hayatoshi. Maji ya chumvi tu? Hayo nayo hayaingii vema. Lakini uko mlango mwingine ambao sumu haiuharibu. Huo hupitisha sodiamu ikiwa imefuatana na glukosi, itokayo katika sukari. Robert Crane alieleza jambo hili mjini Prague mwaka 1960. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wakimbizi wa kambi ya Bangaon, India, maji yenye chumvi na glukosi, na vifo vikapungua sana.

Kwa hiyo mgonjwa apewe upesi dawa ya pakiti itolewayo katika kituo cha afya. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi isizidi, kwa maana itamdhuru. Anywe kidogo kidogo, hata njiani akipelekwa kwa mganga.

Nanyi kaka zetu mliokwisha kuhitimu, mkirudi vijijini wafundisheni watu kipimo hiki kabla ugonjwa haujabisha hodi.