Kumtafutia Kikundi Aliyeamua Kuacha Pombe
Kijitabu cha kaya za Bumala, Busia na Malaba

Mtu akiacha pombe huku kwetu, huwa ameachana pia na watu aliokuwa akinywa nao. Katika maboma mengi ya Wateso na Waluhya, ajono au busaa hunywewa kwa mirija mirefu, wazee wakiwa wameketi kukizunguka chungu kimoja, na habari za mahari, mashamba na mazishi huzungumzwa hapo hapo. Wanywaji wa chang'aa nao wana benchi lao kwa mama pima. Aliyeamua kuacha hujikuta jioni hana pa kuketi, na upweke huo humrudisha kilabuni hata kama nia yake ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana tunaziomba kaya zimtafutie kikundi siku zile zile anapotamka kwamba amechoka. Ukingoja hadi mwisho wa mwezi, huenda atakuwa amebadili nia.

Wala msione haya. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, uliiweka Magharibi mbele ya maeneo yote ya Kenya kwa unywaji wa pombe, kwa asilimia 23.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 65. Jirani unayemficha huenda naye anakuficha wa kwake.

Hospitali kwanza

Anayekunywa kila siku, hasa yule anayetafuta ya asubuhi "kutoa loki" ili mikono iache kutetemeka, asikatizwe pombe ghafla nyumbani. Msimfungie chumbani. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka na kutikisika kama mwenye kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kutokwa jasho jingi na kuona vitu visivyokuwapo. Hali hiyo huua. Walio Bumala waanzie kituo cha afya kilicho karibu. Walio mjini Busia waende hospitali ya rufaa ya kaunti. Walio Malaba waende hospitali ya Kocholya. Zipo dawa za kumvusha siku hizo salama, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo.

Kukipata kikundi

Piga 1192, laini ya NACADA. Haitozi pesa, na hupokewa mchana na usiku. Mama, kaka au mtoto mkubwa anaweza kupiga kwa niaba ya mgonjwa. Eleza mnaishi wapi, kisha uliza kikundi hukutana siku gani, saa ngapi, kwa lugha gani, na kama jamaa wanaruhusiwa kuingia. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwenu naye aulizwe. Hivyo pia mshauri wa hospitalini, na padri au mchungaji. Kabla ya kupanda matatu, hakikisheni kwa simu, kwa kuwa vikundi huhama ukumbi. Anayeogopa kuonwa na watu wa Bumala anaweza kuhudhuria Busia. Nauli hiyo msiione kuwa hasara.

Vikundi vya Alcoholics Anonymous, au AA, vilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, wanywaji wawili walipogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwasaidia wasinywe. Hadi leo sharti la kujiunga ni moja: kutaka kuacha. Hakuna ada, mchango hupitishwa wa chai na ukumbi, na asiye nacho hatoi. Watu hutumia jina la kwanza tu. Mgeni anaweza kusikiliza hadi mwisho bila kusema neno, na yanayosemwa humo hayatoki nje. Mungu hutajwa, lakini kila mmoja kwa imani yake. Kikao cha kwanza kinaweza kumchosha au kumwudhi. Mwombeni arudi mara kadhaa kabla hajaamua kwamba hakimfai.

Na pasipokuwa na kikundi? Wawili wanatosha kuanza, wakiwa na mshauri wa kuwasimamia. Mjini Eldoret, watafiti waliwagawa wagonjwa 614 wa kliniki za virusi vya ukimwi waliokuwa wakinywa. Baadhi yao walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki sita, wakiongozwa na washauri waliofunzwa kazi hiyo bila kuwa madaktari. Walipunguza pombe kuliko wenzao waliopewa mafunzo ya kawaida ya afya. Kazi kama hiyo inawezekana hata katika darasa la shule siku ya Jumapili.

Familia nayo ina kazi yake. Hudhurieni vikao vilivyo wazi kwa jamaa. Msimlipie deni la kilabu, wala msimdanganyie mwajiri kwamba ana malaria. Akiteleza, msimtangaze kwa ukoo. Mpigieni mwenzake wa kikundi siku hiyo hiyo.

Mazishi ndiyo mtihani mkubwa. Aende mchana, aandamane na mtu wa kikundi chake, na wenye msiba waambiwe mapema kwamba yeye atapewa chai. Disko matanga asiende kabisa mwaka huu, hata marehemu awe ndugu wa karibu.