Umepata D, Wewe Si D

SOMO LA JUMA
Maandiko ya kusoma: Waamuzi 6:11–16, 6:25–27, 7:9–15, Luka 3:21–22



Jumapili iliyopita tuliwaita watahiniwa wa KCSE mbele ya madhabahu, tukawawekea mikono. Tuliombea kalamu zao, tukaombea kumbukumbu zao, tukakemea hofu. Hiyo ni sawa, na tutaendelea mpaka karatasi ya mwisho. Lakini baada ya ibada mama mmoja alinivuta kando akaniuliza, "Pasta, na yule ambaye hatapita, tumemwombea nini?" Nilikosa jibu. Somo la leo limetoka kwa swali lake.

Niseme kwanza jambo la nyumbani kwangu. Binti yangu amenipa ruhusa. Alipokuwa kidato cha pili alirudi likizo fupi ya katikati ya muhula bila ripoti. Nikamuuliza, akasema shule bado haijatoa. Siku ya pili mama yake alipokuwa akitandika akaipata chini ya godoro. Hisabati D. Kemia D. Fizikia nayo D minasi. Nikamwita sebuleni, nikasema yale ambayo wazazi wengi tunayajua: karo ninayolipa, dada yake alivyofanya, na watu wa kanisa watasemaje wakisikia mtoto wa mchungaji amekuwa wa mwisho. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akasema polepole, "Baba, mimi ni D tu."

Wapendwa, sikilizeni vizuri. Hakusema "nimepata D." Alisema "mimi ni D." Mtu akipata malaria leo, kesho anatibiwa, anapona. Lakini mtu akisema "mimi ni," anakueleza yeye ni nani. Mtoto wangu alikuwa amechukua herufi ya kwenye karatasi akaifanya jina lake. Na mimi baba yake nilikuwa nimemsaidia kulibandika.

1. Mambo mawili tunayochanganya

Kuna kujiamini, na kuna kujua thamani yako. Si kitu kimoja. Kujiamini ni kusema, "Hesabu hii naiweza." Huko kunapanda na kushuka. Mtu anaweza kujiamini katika Kiswahili na kutetemeka katika Kemia, na hakuna ubaya. Thamani ni kujua, "Mimi ni wa Mungu na ninapendwa, hata kabla sijafanya lolote." Hiyo haipandi wala haishuki.

Shida inaanza pale thamani inapotundikwa kwenye alama. Hapo kila mtihani unakuwa kesi mahakamani. Mwanafunzi haulizwi tena kama anajua Kemia. Anajiona anaulizwa kama anastahili kukaa katika nyumba hii. Huyo hawezi kuinua mkono darasani, kwa sababu kuuliza ni kukiri kwamba hajui. Anaficha ripoti. Halali usiku. Mwingine anashawishika kununua karatasi ya wizi, kwa sababu ameona heri aibu ya kuiba kuliko aibu ya kuanguka.

Wala usidhani hili ni la wale wa chini tu. Nimewahi kumbembeleza kijana aliyelia kwa sababu alipata A minasi. Alama yake ilikuwa juu, lakini moyo wake ulikuwa umetundikwa kwenye msumari uleule.

Gredi zetu za KCSE zina ngazi 12, kutoka A yenye pointi 12 mpaka E yenye pointi 1. C plasi ndiyo mlango wa shahada ya chuo kikuu. Ni kipimo cha kweli na tusikidharau. Lakini kinapima kile mtu alichoandika kwenye karatasi. Hakikutengenezwa kumpima mwenye kuandika.

2. Gideoni: jina kwanza, kazi baadaye

Ngano hupurwa mahali pa wazi, penye upepo wa kupeperusha makapi. Gideoni yeye alikuwa ndani ya shimo la kukamulia zabibu, anajificha Wamidiani wasimwone. Hapo shimoni malaika wa Bwana anamkuta na kumwita shujaa. Shujaa gani huyu wa shimoni? Gideoni mwenyewe anashangaa. Anajibu kwamba ukoo wao ndio dhaifu katika Manase, na yeye ndiye mdogo nyumbani kwa baba yake. Kwa lugha ya binti yangu, alikuwa anasema, "Mimi ni D."

Angalia Mungu anavyomjibu. Habishani na ripoti yake. Hamwambii kwamba ukoo wao ni mkubwa. Anamwahidi tu kwamba atakuwa pamoja naye. Jina limetolewa kabla ya vita, kabla ya ushindi, na Gideoni akiwa bado anaogopa.

Bwana Yesu naye, alipobatizwa, Baba alitangaza kwamba huyu ni Mwana wake mpendwa na kwamba amependezwa naye. Bado hajageuza maji kuwa divai. Bado hajafufua mtu. Haleluya! Kupendwa kulikuja mbele, kazi ikafuata.

3. Kujiamini kunajengwa kwa hatua

Sasa mtu asiseme, "Pasta amesema tusisome, thamani tunayo." Hapana! Gideoni alipewa kazi. Ila haikuwa vita ya Wamidiani. Kazi ya kwanza ilikuwa kubomoa madhabahu ya Baali iliyokuwa ya baba yake. Aliifanya usiku kwa kuogopa, tena akiwa na watumishi kumi. Mungu hakumfukuza kwa sababu ya ile hofu. Baadaye, usiku wa kuamkia vita, akamtuma ashuke kambini na mtumishi wake Pura, asikie maadui wakisimuliana ndoto, apate nguvu. Ndipo akaenda na watu 300.

Waliochunguza akili za watu wameona jambo linalokaribiana na hilo. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, aliandika kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutoka sehemu nne: kufaulu jambo kwa mikono yake mwenyewe, kuona mtu kama yeye akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia zake. Ile ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo kumwambia mtoto "jiamini!" halafu basi, haitoshi. Mpe madhabahu ndogo ya kubomoa.

4. Tufanye nini?

Mzazi: ripoti ikija, mkaribishe mtoto kwanza, karatasi baadaye. Ale, apumzike. Kisha uliza, "Ni wapi palikushinda?" Usiulize, "Una shida gani wewe?" Usimlinganishe na dada yake wala na mtoto wa jirani. Na kama ulishasema maneno ya kuumiza, omba msamaha. Mimi niliomba. Ilikuwa vigumu kuliko kuhubiri.

Mwanafunzi: badilisha sentensi yako. Sema, "Nimepata D, na nitaanzia hapa." Chagua mada moja ndogo, fanya hesabu tano kila siku, zisahihishwe. Tafuta mwenzako aliyekuwa chini akapanda, umuulize alifanyaje. Na ulale. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Kanisa: tunapowapigia makofi waliopata A, tuwaite na wengine kwa majina yao. Ninyi mliomaliza shule na gredi ndogo, na leo ni mafundi, wafanyabiashara na walimu wa Shule ya Jumapili, waambieni vijana safari yenu.

Na hili tusilifanyie mchezo: ukiona kijana amejitenga, hali, halali, au anasema heri asingekuwepo, usimwachie maombi peke yake. Kaa naye. Mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha au hospitalini. Namba 116 ya kuwasaidia watoto haina malipo, usiku na mchana. Kuomba na kutafuta daktari havipingani.

Binti yangu hakupata A, wala sijaja kutoa ushuhuda wa A. Fizikia aliiacha. Hisabati imefika C minasi, na ameitolea jasho. Lakini muhula uliopita aliingia nyumbani, akaweka ripoti mezani kabla hajavua viatu, akasema, "Baba, Kemia bado, njoo uone." Mimi nilienda jikoni nikamshukuru Mungu.

Kwa hiyo mama, jibu lako ni hili: yule ambaye hatapita, tunamwombea awe na nyumba anayoweza kuileta ile karatasi.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI
1. Ni jina gani ulipewa utotoni ambalo bado unalibeba?
2. Kwa nini Mungu alimwanzisha Gideoni na kazi ndogo?
3. Nyumbani kwako, mtoto akianguka mtihani, anakimbilia kwako au anakukimbia?

OMBI
Baba, tusamehe pale tulipowaita watoto wako kwa majina ambayo wewe hukuwapa. Wape watahiniwa wetu utulivu, na bidii isiyo ya woga. Siku ya matokeo, uwakumbushe wao ni wa nani. Katika jina la Yesu, amina.