Giaboksi ya Otomatiki Inaposita: Uchunguzi Kabla ya Kutoa Fedha

Vipo vyama vya msingi vinavyomiliki gari la abiria la aina ya Toyota Noah au mfano wake, lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika Japani kwa miaka mingi. Gari hilo ndilo humpeleka mhasibu benki, hupeleka mbegu kwa wakulima na wajumbe mkutanoni. Likianza kusita kubadili gia katikati ya msimu wa mauzo, fundi hutamka neno moja tu, "Giaboksi imekufa," na kamati iliyobanwa na kazi hupitisha fedha siku hiyo hiyo. Hapo ndipo fedha za wanachama hupotea, kwa maana si kila ugonjwa wa gia hukaa ndani ya giaboksi.

Uchunguzi huanza kwa dereva. Aulizwe: gari huteleza katika gia zote au katika gia moja? Husita asubuhi likiwa baridi, au baada ya mwendo mrefu? Majibu yaandikwe katika daftari la gari, na fundi asomewe kabla hajafungua hata skrubu moja. Dereva aulizwe pia juu ya kitufe cha O/D. Taa ya "O/D OFF" ikiwaka wakati wote, maana yake kitufe kimebonyezwa na gari limezuiwa kuingia gia ya nne. Kosa hilo dogo limewahi kuitwa ubovu mkubwa. Lakini katika gari ambalo giaboksi yake huongozwa na kompyuta, taa hiyo ikiwa inawaka na kuzimika yenyewe, kompyuta imeona hitilafu, na fundi wa umeme asome alama zake kwanza.

Baada ya hapo yapimwe mafuta ya giaboksi. Kwa Toyota yenye kijiti cha kupimia, gari liegeshwe mahali tambarare likiwa limekwisha pata joto la safari, injini ikinguruma polepole. Breki ikanyagwe, mkono wa gia upitishwe nafasi zote na kurudishwa P. Kisha kijiti kichomolewe, kifutwe, kirudishwe, na kisomwe kwenye alama ya moto. (Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa, ndiyo sababu kitabu cha gari hakifai kutupwa.) Mafuta yakipungua, gari huchelewa kushika D, na injini hulia bila mwendo kuongezeka. Kuongeza tu hakutoshi, kwani mafuta hayo hayachomwi kama petroli. Yamevujia mahali fulani, napo patafutwe.

Rangi nayo husema. Mafuta mema huwa mekundu na maangavu. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, sahani za klachi zilizo ndani zimeungua, na mafuta mapya hayatazirudisha. Yakiwa kama maziwa yaliyotiwa rangi, maji ya rejeta yameingia kupitia kipoza mafuta kilichomo ndani ya rejeta. Hapo gari lisiendeshwe tena. Kubadili giaboksi na kuiacha rejeta ile ile ni kununua hasara mara mbili.

Yapo pia makosa ya nje. Magari mengi ya zamani yana waya unaotoka kwenye aksileta hadi giaboksi. Ukikazwa mno, gia huchelewa kupanda na huingia kwa kishindo. Ukilegea, gia hupanda mapema kwa ulaini unaompendeza dereva, kumbe shinikizo la mafuta limepungua na klachi zinaungua taratibu. Kadhalika, mafundi wetu wana desturi ya kung'oa thamostati ili injini isichemke. Injini isipofikia joto lake, giaboksi nyingi huizuia gia ya nne, na chama huambiwa kinunue giaboksi kwa sababu ya kifaa kilichotupwa na fundi mwenyewe.

Dalili za ubovu wa ndani ni hizi: mafuta yako sawa, waya uko sawa, lakini gia moja tu huteleza, au R hushika vizuri na D haishiki kabisa. Kazi ya namna hiyo ipelekwe kwa gereji zaidi ya moja, na kila moja iandike ilichopima, si bei peke yake. Giaboksi iliyotumika ikinunuliwa, namba yake ilinganishwe na ya zamani. Noah za mwanzo, za 1996 hadi 2001, husukumwa na magurudumu ya nyuma, na zilizofuata ni za magurudumu ya mbele. Kati ya hizo za baadaye zimo zenye giaboksi ya mkanda, isiyokubali mafuta ya giaboksi ya kawaida.

Gari likikwama njiani lisivutwe magurudumu yanayosukuma yakiwa chini. Pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini, na injini ikizimwa vyuma husagana vikavu. Liinuliwe upande huo, au lipakiwe juu ya lori, hata kama nauli ya lori ni chungu.