Gesi ya majokofu: sheria hupima tani, si kilo

Wiki hii tufanye hesabu ndogo. Mwenye bucha huko Ulaya ana chumba cha baridi chenye kilo 12 za gesi ya R-404A. Fundi mwenye cheti lazima akague uvujaji kila mwaka. Zikiwa kilo 13, ni kila miezi sita.

Sababu ni kwamba kanuni namba 573 ya mwaka 2024 ya Umoja wa Ulaya huilinganisha gesi na hewa ukaa kwa nguvu ya kuongeza joto duniani. R-404A huishinda hewa ukaa mara 3,922. Zidisha kwa kilo 13, upate karibu tani 51. Ukaguzi wa kila mwaka huanzia tani 5, wa miezi sita tani 50, na wa miezi mitatu tani 500. Kilo hizo hizo 13 za R-134a, yenye nguvu mara 1,430, hazifiki hata tani 19.

Makaratasi si tatizo kubwa. Tangu Januari 1, 2025, majokofu, isipokuwa machache maalumu, hayaruhusiwi kujazwa R-404A mpya. Iliyokwisha kutumika na kusafishwa itaruhusiwa hadi mwisho wa 2029. Mwenye mtambo unaovuja atajikuta akigombea mitungi.

Mitambo ya namna hiyo ikiletwa Mombasa au Dar es Salaam kwa bei ya kutupa, mnunuzi asome kwanza kibati chake: gesi gani, kilo ngapi. Marekebisho ya Kigali ya 2016 yalizipangia nchi za Afrika kuzuia ongezeko la gesi hizi kuanzia 2024, na kuzipunguza kwa asilimia 10 mwaka 2029.