Klachi Isiyoachia Baada ya Pikipiki Kulala Muda Mrefu

Pikipiki zinazolala kwenye nyua za Nyamisangura na kata nyingine za mji wa Tarime zina historia zao. Moja mkataba ulivunjika, dereva akashindwa kupeleka hesabu. Nyingine ilikaa kituo cha polisi miezi kadhaa. Nyingine mwenyewe alisafiri tu. Siku ya kuitoa, betri inachajiwa, petroli mpya inatiwa, na kwa kiki mbili tatu injini inaitika. Mwenyewe anabana klachi, anaingiza gia ya kwanza, chombo kinaruka mbele na kuzima. Klachi haiachii.

Usikimbilie kufungua injini. Mara nyingi kazi hii inaisha bila kugusa hata bolti moja.

Boxer, TVS na nyingi za Kichina zinazobeba abiria huku zina klachi inayofanya kazi ndani ya oili ya injini. Ndani yake mna pleti za chuma na pleti zenye vipande vya kushikia, zimepangwa kwa kupokezana, na springi zinazibana pamoja. Ukivuta mkono wa klachi, pleti zinapata upenyo mdogo sana wa kuachana. Chombo kikilala, springi zinaikamua oili iliyo katikati, na inayobaki inanata. Halafu Tarime ni nyanda za juu, nchi ya kahawa na ndizi: mvua za masika na za vuli, na usiku wenye baridi inayofanya unyevu ugeuke matone ndani ya injini. Chuma kinashika kutu. Ukifungua klachi ya namna hiyo, utakuta umbo la kila kipande cha kushikia limejichora kwenye pleti ya chuma, na kutu ya kahawia imejaa kwenye mapengo.

Anza na waya. Mtu mmoja avute mkono wa klachi, wewe utazame mkono mdogo ulioko kwenye injini. Kama hausogei, au unasogea kidogo tu, pleti hazina kosa: waya umeshika kutu au umelegea. Uchomoe, udondoshee oili, uvute huku na huku mpaka uteleze. Ukiurudisha, acha mchezo wa milimita 2 au 3 kwenye mkono kabla haujaanza kukaza.

Waya ukiwa mzima, kagua oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ina maji, imwage yote. Mpya iwe na alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa. Kipimo hicho kiliwekwa Japani mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki, na MA ni kwa zile ambazo klachi yake inaoga oili; MB ni ya skuta. Oili nyingi za magari madogo zina dawa ya kupunguza msuguano, kwa hiyo unaweza kuifungua klachi leo na kesho ikaanza kuteleza mlimani. Oili ya kupimiwa isiyo na lebo mimi singeitia kabisa.

Washa injini ikiwa nyutro, iache ipate moto dakika kama 10, kisha zima. Vuta mkono wa klachi uufunge kwenye usukani kwa kipande cha tyubu, ulale hivyo hadi asubuhi. Oili inapata muda wa kupenya. Asubuhi, injini ikiwa imezimwa, ingiza gia ya juu, ya tatu au ya nne, maana hapo nguvu ya gurudumu inafika kwenye klachi zaidi, kisha sukuma mbele na nyuma kwa vishindo vifupi. Sikiliza ekzosi: ikiendelea kupumua, injini bado inazungushwa na gurudumu. Gurudumu likiwa jepesi na ekzosi ikanyamaza, pleti zimeachana.

Ikigoma, kuna njia ya kuendesha, nayo inataka uwanja mtupu, kofia ngumu na mtu anayeijua pikipiki. Si barabara ya Sirari, wala kijiweni penye watoto. Injini ikiwa na moto, nyutro, usukumwe hadi mwendo wa kukimbia kidogo. Vuta klachi, ingiza gia ya pili, kisha vuta mafuta na kuachia huku ukigusa breki ya nyuma. Kidole kisiwe mbali na swichi ya kuzimia. Zile za kuwasha injini ndani ya gia mbele ya duka, ukitumaini itajiachia, achana nazo. Chombo kinaruka na watu wako mbele.

Baada ya hapo ndipo fundi afungue kava la upande wa klachi. Mwombe apange pleti chini kwa mfuatano ule ule zilivyotoka. Kutu nyepesi kwenye chuma inaondoka kwa msasa laini. Pleti iliyopinda inajulikana ukiilaza juu ya kioo. Zenye vipande vya kushikia hazipigwi msasa, na zikiwa mpya ziloweshwe kwenye oili kwa saa kadhaa kabla ya kufungwa. Bolti za springi zikazwe kidogo kidogo kwa kukingamisha. Akikuambia pleti zimekwisha, akupe zile za zamani mkononi uzione kabla hujalipa.