Somo la 31. Sahani za Mfalme

1. Mfinyanzi wa kijijini huchimba udongo, huukanda, hufinyanga chungu, hukianika, halafu hukichoma motoni. Mara nyingine chungu hupasuka, na kazi yote imepotea. Leo tutasoma habari za mafundi wa Ufaransa waliofanya sahani za meza ya mfalme. Wao pia walikanda udongo. Wao pia waliogopa moto.

2. Sahani hizo ni za kauri. Ninyi mnaijua simbi, lile kombe dogo jeupe la bahari ambalo zamani wazee walinunulia vitu. Simbi huitwa pia kauri. Udongo huu ukitoka motoni huwa mweupe, laini, wenye kung'aa kama simbi. Ndiyo sababu ya jina lake. Hata neno la Kifaransa, porcelaine, limetoka katika jina ambalo Waitalia waliiita simbi hiyo hiyo. Wachina waliijua kazi ya kauri miaka mingi sana kabla ya watu wa Ulaya.

3. Kwanza wafalme wa Ufaransa walikula katika sahani za fedha na za dhahabu. Lakini sahani ya dhahabu haikai salama siku ya shida. Mwaka 1709 kulikuwa na vita, na baridi kali ikaleta njaa. Mfalme Louis XIV akatoa sahani zake za dhahabu ziyeyushwe, zigeuzwe kuwa pesa. Mwaka 1759 vita ilikuwako tena. Mfalme Louis XV, kitukuu chake, naye akatoa vyombo vyake vya fedha viyeyushwe. Na mwaka huo huo 1759 Louis XV akakipata kiwanda cha kauri cha Sèvres kiwe mali yake. Sèvres ni mahali kati ya mji wa Paris na jumba la wafalme la Versailles.

4. Sasa tazameni kazi yenyewe. Mafundi waliyeyusha pamoja mchanga mweupe, chumvi na vitu vingine. Vilipopoa walivisaga, wakavichanganya na udongo, wakapata donge jeupe. Donge hilo walilitia katika kalibu, likapata umbo la sahani. Kisha sahani iliingia katika tanuru mara ya kwanza. Ilipotoka waliipaka maji mazito yanayogeuka kuwa kioo chembamba, ikaingia mara ya pili. Halafu fundi wa rangi aliipaka rangi ya ukingo, nayo ikarudi motoni. Mchoraji alichora picha katikati, ikarudi tena motoni. Mwisho fundi mwingine alitia dhahabu, na sahani ikaingia motoni tena. Dhahabu ilitoka haina mng'ao. Ilisuguliwa kwa jiwe gumu mpaka ikang'aa. Basi sahani moja ilipita katika moto mara tano au zaidi, na kila mara iliweza kupinda au kupasuka. Aliyekosa mwishoni aliharibu pia kazi ya wenzake wote waliomtangulia.

5. Mwaka 1783 mfalme Louis XVI aliagiza vyombo vipya kwa meza yake ya Versailles. Ukingo uwe wa buluu nzito, na dhahabu juu yake. Katikati ziwe picha za hadithi za kale za Wagiriki na Warumi. Vyombo vyenyewe ni zaidi ya 400. Picha zilikuwa ndogo na ngumu hata ikahesabiwa ya kwamba kazi itachukua miaka 20 na zaidi. Mfalme alikubali kungoja.

6. Lakini mwaka 1789 wananchi wa Ufaransa waliwaasi wakubwa wao. Ufalme ukaondolewa mwaka 1792, na tarehe 21 Januari 1793 Louis XVI akauawa mjini Paris mbele ya watu. Siku ile hata nusu ya vyombo vyake haikuwa tayari.

7. Je, sahani zilizokwisha kufanywa zilipotea? Hapana. Sahani ya dhahabu ikiyeyushwa, dhahabu ni ile ile. Kwa hiyo mwenye shida huiyeyusha. Sahani ya kauri ikivunjwa ni vigae tu. Haimfai mtu ila ikiwa nzima. Kwa hiyo ziliuzwa nzima nzima. Nyingi zilinunuliwa na mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyetawala baadaye kwa jina la George IV. Hata leo zimo katika jumba la Windsor, Uingereza. Dhahabu ya Louis XIV haionekani tena, lakini udongo wa Louis XVI upo.

8. Ukigeuza sahani ya Sèvres ya wakati ule, utaona chini yake herufi L mbili zimepishana. Ni herufi ya jina la mfalme, Louis. Pamoja nazo kuna herufi za mwaka: A ni 1753, na FF ni 1783. Na kando kuna alama ndogo: ni alama ya mchoraji, au ya fundi wa dhahabu. Hivi ilijulikana nani amefanya kazi hiyo. Sifa ilikuwa yake, na kosa pia lilikuwa lake.

9. Mfalme hakuziona sahani zake zote, na mafundi hawakuikamilisha meza yote. Lakini kila fundi alimaliza vema sahani aliyopewa, akaweka alama yake chini, mahali pasipotazamwa na wageni wa mezani. Kazi hiyo ndiyo iliyobaki.

Maneno
Kalibu: chombo cha kutilia udongo upate umbo.
Kigae: kipande cha chombo kilichovunjika.
Kitukuu: mtoto wa mjukuu.

Maulizo
1. Kwa nini udongo huu unaitwa kauri?
2. Taja kwa utaratibu mara tano ambazo sahani iliingia motoni.
3. Kwa nini sahani za dhahabu ziliyeyushwa, na sahani za kauri zikabaki?
4. Chini ya sahani kuna alama gani?
5. Andika mistari mitano juu ya kazi moja unayoijua, ambayo kosa la mtu mmoja huharibu kazi ya wengi.